Kufuli kwenye Baraza la Cherehani

Fundi hakuwa na mke, maana mke alikuwa ametangulia, mwaka wa tatu huu. Hakuwa na meno ya upande wa kushoto. Hakuwa na cherehani hata moja, yeye aliyezitengeneza za watu kwa miaka arobaini na miwili. Ya mwisho aliiuza siku alipoona mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka na hauwezi tena kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Hakuwa na cheti cha ufundi. Cheti alichokuwa nacho kilikuwa cha darasa la jioni, alichopewa akiwa na miaka thelathini na tisa, kikisema kwamba mwenye karatasi hii anajua kusoma na kuandika. Hicho alikitia kwenye fremu, na kioo chake alikifuta kila Jumamosi. Hakuwa na madaftari yake kumi na saba ya magonjwa ya cherehani na tiba zake. Na Jumatatu ile, kabla chai haijapoa, akagundua kwamba hana tena Baraza.

Baraza la Cherehani halikuwa na ukuta wala mkeka. Lilikuwa mtandaoni, ukurasa wa kijani hafifu walikokutana watu wanaotengeneza cherehani, kila mmoja akiwa kwake, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mtu akikwama aliandika: mashine yangu inakata uzi, inaruka, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wenzake wakamjibu. Sheria ilikuwa moja tu, na aliyeitunga ni Fundi mwenyewe: aliyepona arudi aseme kilichomponya. Hukuruhusiwa kuchukua jibu ukatoweka nalo. Ulitakiwa urudi, uandike "imekubali", na ueleze ulichokikuta ndani: skrubu iliyolegea, vumbi la uzi lililoshindiliwa, safari moja hata jino la mtoto. Kwa miaka kumi na mmoja, kurudi huko ndiko kulikolijenga Baraza. Kila swali likawa na majibu, na kila jibu likawa na mashahidi. Mlinzi wa mlango alikuwa yeye, Mzee Bobini, kama walivyomwita humo. Hakulipwa, wala hakuwahi kuomba alipwe.

Jumatatu hiyo alibonyeza swali la zamani, likatokea kufuli jeusi. Chini yake maneno: "Mazungumzo yaliyozidi siku thelathini ni ya wanachama wanaolipia. Chagua kulipa kwa mwezi au kwa mwaka." Akasoma mara mbili, kama alivyofundishwa darasani. Mara ya tatu akasoma kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamchosha.

Upande wa mazungumzo mapya, ambao haukuwa umefungwa, moto ulikuwa umeshawaka.

"Nimejibu maswali mia nne humu," mmoja aliandika. "Leo nilipie ili nisome maneno yangu mwenyewe?"

"Mnalia nini? Gharama zipo. Mitambo haili upepo."

"Gharama zipo, sawa. Si wangetuomba? Tungechanga. Kuombwa ni kimoja, kufungiwa mlango ni kingine."

"Wangesema tangu mwanzo kwamba ni duka, tungejua tunaingia dukani. Sisi tulidhani tunaingia kwetu."

Na chini kabisa, ujumbe mmoja ulioandikwa kwa jina lake.

"Mzee Bobini, salaam. Ni mimi Mama Pacha, yule wa chumba cha kushonea mashuka hospitalini. Mashine yetu kubwa imeanza tena kuruka kwenye turubai, ugonjwa ule ule wa miaka minane iliyopita. Nimekwenda kulifungua jibu lako, naambiwa nilipe. Swali langu, jibu lako, kufuli la nani? Mzee, ni wewe uliyenikaribisha humu. Uliandika kwamba ni bure leo na kesho. Hao wenye kampuni sikuwaamini, siwajui. Nilikuamini wewe."

Fundi akaifunika kompyuta. Ilikuwa kuukuu, aliyoachiwa na binti yake, imeng'oka herufi mbili, na mahali pa herufi hizo alikuwa amebandika vifungo vya shati. Akatazama dirishani. Mtaani mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa mabati, na kila bati lilikuwa linalalamika kivyake.

Ni kweli aliandika. Mwenye Baraza wa kwanza, mfanyabiashara wa vipuri aliyependa kucheka, alimpigia simu mwaka ule wa kwanza akamwambia: "Mzee, waandikie watu neno la makaribisho. Wewe una lugha." Una lugha! Fundi hakulala vizuri kwa furaha. Akaandika: "Karibu. Hapa ujuzi hauuzwi, unagawanwa. Ni bure leo na kesho. Nakuhakikishia mimi, Mzee Bobini." Watu elfu tatu na ushei walipita chini ya maneno hayo kama wanaopita chini ya kizingiti. Mfanyabiashara baadaye akaliuza Baraza kwa kampuni, akaenda zake. Maneno yakabaki mlangoni na jina la Fundi chini yake.

Jumanne simu ikalia.

"Shikamoo, mzee wetu." Sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyekunywa maji kwanza ndipo akapiga.

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni ofisa wa wanachama, kutoka kampuni inayomiliki Baraza. Kwanza kabisa, mzee, sisi tunakuheshimu mno. Wewe ndiwe nguzo. Wewe ni hazina yetu."

Fundi alikijua kilemba cha ukoka hata kabla hakijatua kichwani. Akangoja.

"Umeona kuna maneno maneno huko," yule ofisa akaendelea. "Watu hawajaelewa. Tumeandika tangazo zuri la kueleza. Tunachoomba ni jina lako liwe chini yake. Wakiona Mzee Bobini amekubali, watatulia. Na wewe, kama shukrani, utafunguliwa kila kitu, bila kulipa, maisha yako yote."

"Maisha yangu yote," Fundi akasema. "Hapo mmenipatia bei nafuu. Nina miaka sabini na nne."

Ofisa akacheka kidogo, kwa adabu. "Tunaomba jibu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa. Ndipo tangazo litakapotoka."

"Na nisipotia jina?"

"Basi, mzee, utakuwa kama mwanachama mwingine yeyote."

"Nina majibu elfu mbili na mia moja humo ndani. Siwezi kupewa nakala ya yangu tu? Ya wengine siyataki."

Akasikia vidole vikigonga. "Masharti uliyokubali, mzee wetu, yanasema maandishi yote ni mali ya mwenye Baraza. Ni kifungu cha kumi na nne."

"Kifungu cha kumi na nne," Fundi akarudia taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la mtu anayemfahamu.

Na alimfahamu. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kampuni ilipolinunua Baraza, miaka minne nyuma, ilileta masharti mapya, kurasa kumi na tisa, yanayotakiwa kukubaliwa kabla mtu hajaendelea. Wengine wote walibonyeza tu. Fundi hakubonyeza. Alikaa nayo alasiri tatu, kamusi pajani, penseli sikioni. Kifungu cha kumi na nne alikipata siku ya pili, akakisoma, akakielewa. Mke wake, aliyekuwa anashona karibu na dirisha, akauliza bila kuinua macho: "Wanasemaje?" Naye akajibu, "Maneno ya mawakili tu." Kwenye Baraza watu walikuwa wanauliza, mzee, tukubali? Akawaandikia: "Nimeyasoma yote. Kubalini."

Neno lililompa raha kati ya hayo lilikuwa "nimeyasoma". Raha hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakutaka kuitia doa kwa kifungu kimoja. Kusoma alisoma. Kusema ndiko kulikomshinda.

Jioni binti yake alirudi kutoka zamu. Alikuwa muuguzi, na akirudi hakusalimia mpaka miguu yake iingie kwenye beseni la maji ya moto. Fundi akamsimulia, isipokuwa habari ya kifungu. Hiyo aliimeza.

"Baba, tia jina," binti akasema, amefumba macho. "Ni jina tu."

"Ni jina tu?"

"Wataacha kulipisha usipotia? Hawataacha. Sasa kwa nini ukose vyote? Angalau upate majibu yako. Umeshinda pale dirishani miaka kumi na mmoja, mama alikuwa anasema ameolewa na mgongo wako."

"Alisema hivyo?"

"Kwa kucheka, baba. Alisema kwa kucheka." Akasogeza miguu majini. "Mimi nimechoka, sina hoja nyingine. Tia jina, ulale."

Fundi hakutia wala hakulala vizuri. Asubuhi ya Jumatano alifungua kompyuta akakuta Mama Pacha hajaandika tena neno. Wengine walikuwa wanaendelea kutukana, kusihi, kuaga. Yeye kimya. Wanaotukana, Fundi alijisemea, bado wanategemea kusikilizwa.

Saa nne mlango ukagongwa.

"Hodi! Au nilipie kwanza ndipo nifunguliwe?"

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mke wake, mshonaji kama dada yake, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama medali. Bila shaka binti alikuwa ameshampigia simu.

"Ingia, shemeji. Siku nitakayoanza kukulipisha wewe maneno, nitakuwa tajiri wa mji huu."

"Afadhali. Maana kulinda nyumba ya watu bure umeilinda kweli kweli." Akajitupa kitini. "Miaka yote hiyo unafagia uwanja, mwenye uwanja akaja na tiketi. Sasa inakuwaje?"

Shemeji ndiye mtu pekee ambaye Fundi hakuweza kumficha kitu, kwa sababu alikuwa anakutania mpaka unaona heri uongee. Akamweleza yote: jina, Ijumaa, Mama Pacha, na kifungu cha kumi na nne. Alipofika hapo shemeji hakutania. Alichukua uzi uliokuwa umeganda kwenye sketi yake akauviringisha kidoleni.

"Ulikisoma ukanyamaza."

"Nilikisoma nikanyamaza."

"Kwa majivuno."

"Sasa nikutafutie neno gani jingine?"

"Hapana, hilo linatosha, limekukaa kama limepimwa." Akautupa uzi. "Lakini shemeji, jibu la huyo mama si unalo? Si uliandika wewe? Rudi kwenye madaftari yako."

"Madaftari yapi? Nilipomaliza kuyanakili humo ndani yote, kwa kidole kimoja, miaka miwili, nilimpa dada yako. Nikamwambia karatasi hizi sasa hazina kazi. Na kichwani jibu limebaki nusu. Nakumbuka ugonjwa, nakumbuka na sehemu yenyewe, kipimo ndicho kimeniponyoka. Kwenye mashine kama ile, unywele mmoja ukizidi, sindano inavunjika usoni mwa mtu. Siwezi kubahatisha."

Shemeji alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, mdomo wazi kidogo.

"Shemeji, kwani hujui dada aliyafanyia nini?"

"Aliwashia jiko, nadhani."

"Awashie jiko! Karatasi nzuri vile? Aliyachambua, akayaunga kwa gundi, karatasi kubwa kubwa, akakatia vielelezo vya nguo. Mikono, kola, migongo. Mpaka leo ndivyo ninavyokatia mimi. Nilidhani unajua! Nusu ya wanawake wa mtaa huu wamekatiwa blauzi kwa hati yako."

Fundi alikuwa ameinama, anautazama ule uzi uliotupwa sakafuni.

"Umenisikia lakini?"

"Nimesikia," akasema. "Nitakuja kesho. Usikate kitu."

Chumba cha kazi cha shemeji kilikuwa nyuma ya duka la vioo, upana wa hatua nne. Cherehani mbili, pasi moja, meza ya kukatia iliyoinuliwa kwa matofali upande mmoja ili isawazike. Ukutani kulikuwa na misumari, na kwenye kila msumari furushi la karatasi lililotobolewa na kufungwa kwa utepe. Alhamisi asubuhi mafurushi yote yalikuwa chini, na wazee wawili wamepiga magoti juu ya magunia, mmoja akiguna, mwingine akicheka.

"Hapa kuna mkono wa blauzi," shemeji akasema. "'Usipake mafuta ya kupikia, narudia, usipake.' Huyu ulikuwa umemkasirikia."

"Alipaka samli."

"Na kola hii: 'Mteja anasema mashine ina pepo. Nimekuta panya.'"

Fundi alichukua vipande kimoja kimoja. Wino wake wa bluu ulikuwa umefifia, na juu yake kulikuwa na penseli ya mke wake, herufi kubwa za haraka: kifua, kiuno, jina la mteja, na mahali pamoja, pembeni ya makalio ya sketi, "mzee amelala na njaa leo, kanuna." Alisoma mara mbili. Hakukumbuka siku hiyo. Hakukumbuka hata alikuwa amenuna kwa nini. Alikiweka kipande hicho kando, mbali na vingine, na shemeji akajifanya hajaona.

Sentensi zake zilikuwa zimekatwa kwa mkasi bila huruma. Ziliishia kwenye kwapa, zikaanzia shingoni, zikapotea kwenye pindo. Zaidi ya nusu ya madaftari haikuwepo kabisa. Magoti yakamuuma, akakaa, akalala kifudifudi, akaendelea.

Kabla ya adhuhuri shemeji akasema, "Turubai. Hapa pameandikwa turubai."

Ulikuwa mgongo wa blauzi, saizi kubwa. Katikati kulikuwa na mchoro: sindano, na nyuma yake ile ndoano inayozunguka na kudaka uzi. Mshale mmoja, na maneno: "Mashine inaruka kwenye kitambaa kizito. Mti wa sindano umesogea juu. Legeza skrubu yake. Shusha sindano mpaka mwisho wake, kisha geuza gurudumu ipande unene wa" na hapo mkasi ukapita, ukafuata mviringo wa bega.

"Unene wa nini?" shemeji akauliza.

"Ndicho hicho." Fundi akalaza kichwa kwenye gunia. "Kile kile nilichokisahau, ndicho alichokikata."

"Dada hakukosea kipimo hata siku moja," shemeji akasema. "Hata cha kukuudhi."

Wakacheka, na kicheko kikamtoa Fundi machozi ambayo hakuyapangia. Alipomaliza kujifuta, shemeji alikuwa ameshasimama, ameitoa meza ya cherehani yake kubwa ukutani.

"Hii ni ndugu ya ile ya hospitali, siyo?"

"Binamu. Ndani ni moja."

"Basi inuka. Wewe uone, mimi nishike. Mkono wangu hautetemeki, isipokuwa mbele ya wali wa bure."

Wakamfungua binamu. Fundi akamwelekeza shemeji alegeze skrubu, asogeze juu mti wa sindano, kile chuma kinachoibeba, kama ugonjwa wenyewe unavyofanya, na mashine ikaanza kuruka, mshono mmoja ndani, miwili nje. Kisha wakaanza kutafuta tiba. Shemeji akageuza gurudumu kwa mkono, sindano ikafika chini, ikaanza kupanda. Wakaweka kadi ya biashara kama kipimo, ikaruka. Wakaweka kadi mbili, ikaruka kidogo. Fundi aliinamia pale mpaka kope zake zikakaribia kugusa chuma. Ndipo vidole vyake vikafanya kitu bila kumwuliza: vikaingia mfuko wa shati, vikatoa sarafu kubwa, ile iliyokuwa inakaa mfukoni humo enzi zote za kazi, vikaipenyeza ikiwa imelala chini ya kishikio cha sindano.

"Sarafu," akasema. "Unene wa sarafu kubwa. Hapo, hapo! Usigeuze. Ncha ya ndoano iko wapi?"

"Nyuma ya sindano. Juu kidogo ya tundu."

"Kaza skrubu."

Turubai likapita. Shemeji akashona mstari mmoja mrefu, akaukunja mara mbili, akashona tena, mara nne, akashona. Hakuna mshono ulioruka. Fundi akaugeuza mstari juu chini, akaupitisha kidole.

"Imekubali," akasema. Lilikuwa neno aliloandikiwa mara elfu na watu wengine.

Kisha akaomba ule mgongo wa blauzi.

"Unauchukua? Hiyo ni saizi yangu!"

"Nakili. Mimi nataka uliotoka mkononi mwangu."

Shemeji akanung'unika, akatandaza gazeti, akaufuatisha kwa chaki pembe kwa pembe, kisha akamkabidhi. "Haya. Nenda kanivalishe hospitali nzima."

Alasiri hiyo Fundi aliandika dirishani, bila kompyuta. Mkono ulitetemeka, akaushika kwa mkono wa pili, akaandika herufi kubwa kama za darasa la kwanza la jioni. Aliharibu karatasi tatu. Ya nne ikasema hivi:

"Mama Pacha, salaam. Ndani ya bahasha hii utakuta mgongo wa blauzi. Usicheke, au cheka kidogo. Jibu lako limeandikwa hapo, na palipokatwa ni unene wa sarafu kubwa, ile nzito kuliko zote. Jana sikulijua, leo nimelihakikisha kwenye mashine ya shemeji yangu. Pima kabla hujakaza. Vaa miwani.

"Sasa lile la pili. Ni kweli nilikuandikia kwamba ni bure leo na kesho, na nyumba haikuwa yangu. Nilikuwa mgeni nikawa nakaribisha wageni. Na kuna kibaya zaidi ambacho hukijui. Masharti ya kampuni niliyasoma. Mahali panaposema maneno yetu si yetu, nilipaona. Nikawaambia kubalini, kwa sababu nilipenda mjue kwamba nimesoma. Kampuni imefunga mlango, lakini mimi ndiye niliyewaambia mlango huo hauna kufuli, hali kufuli nililiona. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimeombwa nitie jina langu tena, chini ya tangazo lao. Sitatia. Kwa hiyo sitafunguliwa majibu yangu, nami nitabaki sawa na wewe, na ndivyo inavyostahili.

"Nimebakiwa na vipande kama themanini vya karatasi. Mtu akikwama aniandikie, nitatafuta. Nikikosa nitasema nimekosa.

"Mashine ikikubali, rudi useme. Anwani iko nyuma ya bahasha."

Anwani ya hospitali alikuwa nayo, kwa sababu miaka minane iliyopita alimtumia Mama Pacha springi ndogo ndani ya kiberiti, na risiti aliitunza. Risiti zote alizitunza.

Ijumaa posta ilikuwa na dirisha moja lililofunguliwa kati ya matano. Foleni ilizunguka nguzo. Mbele yake mwanamume mwenye kifurushi kilichofungwa kamba alikuwa anabishana na karani kuhusu uzito, na karani alikuwa anamsikiliza kwa uso wa mtu aliyeusikia ubishi huo tangu kuajiriwa. Fundi alisimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Hapakuwa na kiti. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo simu ilipotikisika mfukoni.

"Shikamoo, mzee wetu. Zimebaki dakika kumi na tano. Tulikuwa tunangoja jina tu."

"Marahaba, mwanangu. Uko kazini tangu saa ngapi?"

"Tangu saa kumi na mbili, mzee."

"Umechoka."

"Kidogo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu. "Wananitukana sana huko, mzee. Mimi sikuyapanga haya."

"Najua. Hata mimi mlangoni sikuwa mwenye nyumba." Foleni ikasogea hatua moja, naye akasogea nayo. "Andika: hapana. Na yale maneno ya makaribisho yenye jina langu, yatoeni leo. Hayo ni ya uongo."

"Mzee, utabaki umefungiwa na wewe. Kila kitu. Una uhakika?"

"Wameniita dirishani, mwanangu. Pumzika ukipata nafasi."

Karani alipima bahasha, akaangalia unene wake, akauliza kuna nini.

"Mgongo wa blauzi."

Karani alimtazama, akaona ni mzee, akagonga stempu. Ulimi wa Fundi ulikuwa umekauka kwa kusimama, basi akachovya kidole kwenye sifongo ya kaunta, akalowesha ukingo wa bahasha kutoka pembe moja mpaka nyingine, akaukunja, akaubana kwa viganja viwili mpaka mtetemeko ukahamia kwenye karatasi na gundi ikashika. Alitembea hadi kwenye sanduku lililokuwa karibu na mlango. Tundu lake lilikuwa jembamba na bahasha nene. Ikabidi aisukume, kwanza kwa mkono, kisha kwa kidole. Akaweka sikio karibu, akasikia imeanguka juu ya nyingine.

Akatoka nje polepole kutafuta mahali pa kukaa.